Kipande cha Siti

Kijakazi binti Mwinyimvua alikuwa mkaanga vitumbua wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na ukiulizia habari zake mtaani ulikuwa unapewa za watu wawili. Hakuna aliyemtaja bila kumtaja Siti, shoga yake, aliyepanga chumba kinachotazamana na chake katika nyumba ile ile. Mmoja akitwanga mchele, mwenzake anawasha moto. Walikwisha kuahidiana kwamba atakayetangulia kufa ataoshwa na mwenzake, asishikwe na mikono ya watu baki. Waliyasema hayo huku wanacheka, maana hakuna aliyedhani ni karibu.

Miaka ile kanga zilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi. Mzigo ulipoingia duka la ushirika, balozi wa nyumba kumi alitangaza doti moja kwa wanawake wawili. Mtaa mzima ukanuniana. Kijakazi na Siti wao wakatafuta mkasi, wakaikata doti yao katikati, ya rangi ya machungwa yenye mabibo, kila mmoja akapinda kipande chake. Wakawa wanavivaa siku moja na kuvifua siku moja, na kuvianika kamba moja uani.

Wote wawili walisoma kisomo cha watu wazima. Darasa lilipofaulu mtihani, mwalimu wao, Klara, akawapigania wakapata safari ya siku tatu kwenda Unguja, wakaone mji wa kale, ngome yake na masoko yake. Siti ndiye aliyeshangilia kuliko wote. Wiki ya safari ilipofika, homa ikamlaza.

"Nenda, mwenzangu," alisema. "Ukirudi utanisimulia. Na halua yangu usiisahau."

Hapo Kijakazi akafanya lake. Alikuwa na kipande kimoja tu cha kanga, na wanawake wa Unguja anavyowasikia wanavyojua kuvaa, alijiona tayari anatazamwa kuanzia utosini hadi nyayoni. Haya ni maradhi ya mjini, kuogopa macho ya watu usiowajua.

"Niazime chako," alimwambia Siti. "Kimoja nijifunge, kingine nijitande. Wewe si umelala tu?"

Siti alicheka mpaka akakohoa. "Chukua. Lakini unirudishie. Siku nikiinuka kitandani nataka nivae hicho."

Kwa kweli Kijakazi alifurahi Unguja, na wala tusimnyime furaha yake. Alizigusa kuta za Ngome Kongwe kwa kiganja, akapita vichochoro ambavyo jua haliingii, akasimama mbele ya milango yenye misumari ya shaba akijiuliza nani anaisugua. Pale sokoni Darajani, katikati ya pweza na mdalasini, mama mmoja muuza viungo alimwambia, "Umependeza, dada wa Bara." Akavimba kichwa. Kila alichokiona alikitia akilini amsimulie Siti, na halua akainunua ya kutosha watu wawili kula mpaka wachoke.

Aliporudi Dar alitoka bandarini kwa miguu, kikapu mkononi. Alipokata kona ya Mtaa wa Sikukuu akawaona wanaume wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba yao. Tatu, mpangaji mwenzao, akatoka akampokea kikapu.

"Siti hatunaye," alisema Tatu. "Amefariki jana alfajiri. Tumezika jana hiyo hiyo, adhuhuri."

"Nani kamwosha?"

"Mimi na shangazi yake." Tatu akakitua kikapu. "Tulikitafuta kipande chake kile cha mabibo tukitandaze juu ya jeneza. Tumepekua sanduku lote. Mwisho nikatandaza kanga yangu ya jikoni."

Kijakazi alikuwa amejifunga kipande kimoja, amejitanda kingine. Alikivua cha kichwani palepale mlangoni, akaingia ndani na kumkuta shangazi yake Siti amekaa chini, akakiweka mapajani pake. Alilia kilio cha mtu aliyejiumiza kwa mkono wake mwenyewe. Halua waligawiwa watu wa msibani, na yeye hakuionja.

Baada ya arobaini nguo za marehemu ziligawiwa. Kwa desturi, aliyemwosha maiti hakosi fungu lake. Shangazi akachukua kile kipande cha mabibo, akampa Tatu.

Jioni ile Tatu aligonga mlango wa Kijakazi, kipande kimekunjwa mkononi. "Dada, chukua wewe. Najisikia vibaya."

Kijakazi alikitazama. Hakuna kitu alichokitaka duniani kama kile. "Ni haki yako," alisema. "Wewe ndiye uliyemwosha."

Darasani Mwalimu Klara alimwomba awasimulie wenzake safari ya Unguja. Alisimama, akasema ngome ina kuta nene sana, akakaa.

Vitumbua anakaanga bado, mchele anautwanga mwenyewe na moto anauwasha mwenyewe. Kipande chake anakivaa. Lakini siku ambayo Tatu anakifua cha Siti na kukianika uani, Kijakazi hafui.