Santuri ya Swaleh kwenye Rafu Isiyo Yake

Siku ambayo haijawahi kunitoka akilini, mwanangu, ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la santuri hapa mjini Meru, nikijiona nimefika. Nilikuwa na sketi mpya, na nyuma yangu kulikuwa na rafu nilizozipanga kwa mikono yangu wiki nzima. Nataka nikueleze kosa nililolifanya mbele ya rafu zile, maana swali lako la Jumapili limenirudisha pale pale.

Ulisema, Kendi, kwamba huko kwenye kituo cha redio mmeambiwa mzipange nyimbo upya kwenye kompyuta: za watu weusi huku, za Wazungu kule, za Wahindi na Waarabu kwenye orodha yao. Ukasema wenzako wawili wamebishana juu ya jambo hilo hadi hawasalimiani. Ukaniuliza naonaje, ukidhani nitacheka. Sikucheka, na ukaniona nimeinamia chai yangu kama niliyeangusha kitu ndani yake.

Mwenye duka alikuwa Bwana Njeru, mtu wa Embu, mpole kupita kiasi. Alilinunua kutoka kwa Mhindi mmoja aliyehama miaka michache baada ya uhuru, na santuri zilikuwa kwenye makreti, zimechanganyika. Akaniambia nizipange ninavyoona, bora mteja apate anachotaka bila kusubiri. Mimi shuleni nilikuwa nimetunza maktaba, kwa hiyo kazi hiyo niliipokea kama cheo. Nilikata vipande vya katoni, nikaandika kwa wino: Wazungu, Wahindi, Waswahili, Wakamba, Wakikuyu, Wajaluo. Rafu nzuri kuliko zote, ile iliyo karibu na mlango, nikaiandika Wameru. Bosi wangu nilimwekea Waembu kipande kidogo pale chini, na yeye akacheka tu.

Na nilipangaje? Kwa kutazama jina na picha kwenye jalada. Kusikiliza sikusikiliza, nani alikuwa na muda huo? Kulikuwa na Mmarekani mmoja aliyeimba Kiingereza, nikamweka kwa Wazungu. Siku iliyofuata nikaitazama picha vizuri, nikaona ni mtu mweusi kama mimi, nikamtoa. Lakini kumpeleka wapi? Mkamba si Mkamba, Mmeru si Mmeru. Masikini yule bwana alizunguka duka zima, mwisho nikamrudisha kwa Wazungu na kumgeuza uso uangalie ukuta. Hapo ndipo nilipaswa kung'amua kwamba kuna kitu hakiendi sawa. Sikung'amua.

Siku hiyo ya soko akaingia mzee kutoka Timau. Nilijua ni wa Timau kwa lile koti zito na sweta mbili, huku sisi mjini tumevaa mikono mifupi. Alikuwa ameteremka na lori la ngano. Alivua kofia mlangoni kana kwamba ameingia kanisani, na nikaona mkono wake wa kulia hauna kidole cha shahada. Akaniambia kwa Kimeru kwamba amesikia wimbo kwenye redio, wimbo wa mtu anayewaita nyuki waingie kwenye mzinga mpya, na anautaka.

Nilitafuta kwenye rafu ya Wameru mara mbili. Hakukuwa na wimbo wa nyuki. Nikamwuliza mwimbaji ni nani, akasema mtangazaji alimtaja kwa jina la Swaleh. Mwanangu, nilicheka. Nilimwambia huyo si Mmeru, huyo ni Mswahili wa hapa Majengo, mtaa wa Waislamu, santuri yake iko rafu ile kule, na nyimbo zake ni za watu wa huko. Labda redio ilikoroga majina.

Mzee aliisogelea ile rafu hatua moja, akalitazama lile neno nililoliandika kwa wino, kisha akasimama. Akasema, kwa sauti ya chini, "Basi si yeye. Mimi nilidhani ni watu wangu." Akavaa kofia yake, akaenda zake. Nami nikaendelea kupangusa vumbi, nimeridhika kabisa kwamba nimemsaidia asibebe kitu kisichomfaa.

Siku nne baadaye akaja mama mmoja amejitanda leso, mwembamba, na uso wenye haya. Nilimfahamu kwa kumwona tu: mke wa Mzee Musa, mwenye bucha karibu na msikiti. Alisimama mbele ya rafu ya Wameru, akazipitia santuri moja moja kwa kidole. Nikamwambia za kwao ziko upande ule. Alizimaliza zote kwanza, ndipo akaenda upande ule, akaitoa ya Swaleh, akaja nayo kwenye kaunta akiwa ameikumbatia. Akaniuliza nani aliiweka kule. Nikasema ni mimi. Akaniuliza kama nimeisikiliza. Nikasema bado.

"Weka nisikie na wewe," akasema.

Niliiweka. Ikaanza gitaa, halafu sauti ya kijana, na maneno yakatoka kwa Kimeru. Si Kimeru hiki chetu cha mjini tunachokichanganya na kila kitu. Kilikuwa Kimeru cha nyanya yangu, chenye maneno ambayo nilikuwa sijayasikia tangu tumzike. Mwanamume aliyeko juu ya mti anawabembeleza nyuki, kisha anamwita binti yake aliye chini: Kanana, leta moshi; Kanana, usiogope, hawa ni wageni wetu. Nilihisi uso wangu unawaka. Yule mama akaniambia kwamba Swaleh ni mwanawe, wimbo ni wa baba yake yeye, na Kanana ndiye yeye mwenyewe aliyesimama mbele yangu.

Hapo nikamkumbuka yule mzee. Ningeweza kunyamaza, na nakiri kwamba nilitaka kunyamaza. Lakini ulimi ulitangulia, nikamweleza yote: koti, lori la ngano, wimbo wa nyuki, na nilivyomjibu. Aliniuliza jambo moja tu, kama mkono wake wa kulia ulikuwa mzima. Nikasema kidole kimoja hakipo. Mama Swaleh alivuta kreti, akakaa.

Mzee yule aliitwa Kiruja na alikuwa kaka yake wa pekee. Kile kidole kilikatwa na panga wakichonga mzinga, naye Mama Swaleh akiwa ameushika upande wa pili. Walikuwa hawajaonana miaka ishirini na miwili, tangu alipoolewa na Musa wa Majengo. Unajua kwetu upande wa mwanamume hupeleka mtungi wa asali, na wazee wa msichana wakiupokea ndipo ndoa inahesabika. Asali ya Musa ilirudishwa. Walisema hawamtambui mtu asiye na ukoo wanaoujua. Kanana akaolewa bila asali yake kupokewa, na mlango wa kwao ukafungwa. Kitu pekee alichotoka nacho ni ule wimbo, akamwimbia mwanawe akimlaza, hadi mtoto akakua akaupigia gitaa.

"Alisikia jina langu kwa redio, akanitafuta," akaniambia. "Akafika mpaka hapa. Wewe ukamwambia mimi si mtu wao. Mwanangu, umenifukuza kwa baba mara ya pili."

Nilianza kulia na kuomba msamaha. Akaniambia hiyo pole nimpelekee mwenye kustahili. "Huyo ni mtu wa haya kama mimi. Hatarudi hapa tena. Enda wewe. Na usimwambie maneno mingi. Mwekee tu asikie."

Bwana Njeru alipopata habari hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Alinipa siku moja na gramafoni ndogo ya betri aliyokuwa akiitunza kama yai. Nikapanda lori kwenda Timau nikiwa na sketi yangu ya mjini. Baridi ya kule ilinifundisha adabu kabla hata sijashuka. Niliuliza kambi hadi kambi kwenye mashamba ya ngano, na saa nane nikamkuta Mzee Kiruja ameketi nje ya nyumba yake akishona gunia. Alinitambua. Nilimwambia nilimdanganya bila kujua, nikaweka gramafoni juu ya kigoda.

Baba yake alipoanza kuita nyuki kwa sauti ya yule kijana, mzee aliweka sindano chini. Lilipofika jina la Kanana akafunika uso kwa ule mkono wenye vidole vinne. Akanitaka nirudie. Nikarudia mara tatu, hadi betri zikaanza kuchoka na sauti ikawa nzito. Mkewe alitoka jikoni, akasimama mlangoni akisikiliza.

Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Siku ile asali ilipokataliwa, wazee walikuwa bado wanashauriana. Aliyeutoa mtungi nje na kumbebesha Musa arudi nao ni yeye, Kiruja, akiwa kijana mwenye hasira. Baba yake alitaka kuionja. Akafa baadaye bila kuionja, na tangu hapo Kiruja hakujua aende Majengo na uso gani.

"Mimi nilimwangalia Musa jina na kofia," akasema. "Hata sauti yake sikusikia siku hiyo. Sasa mimi nitakukasirikia wewe aje?" Kisha akafuta macho kwa mkono wa koti. "Ambia shemeji, ile mtungi tulirudisha, ailete. Mimi ndiye nitaipokea."

Mwanangu, nilishuka na ujumbe ule na sikumbuki kama nilisikia baridi tena. Wiki tatu baadaye nilialikwa twende Timau, mimi na Bwana Njeru. Mzee Musa alibeba mtungi mwenyewe, hakukubali kijana yeyote amsaidie, na Mama Swaleh alitembea nyuma yake. Kiruja aliupokea mlangoni kwa mikono miwili. Alionja kwanza kwa niaba ya baba yake, akampa dada yake, kisha akaniita mimi niliyejificha nyuma ya watu, akanitia asali kidogo kwenye kiganja. Swaleh akapiga gitaa. Nilimshukuru Mungu siku ile, na nimemshukuru kila mwaka tangu hapo, kwa sababu si kila anayefunga mlango hupewa nafasi ya kuufungua watu wakiwa hai.

Niliporudi dukani niling'oa vile vipande vya katoni. Tukazipanga santuri upya kwa kuzisikiliza, mimi na Bwana Njeru, tukichukua mwezi mzima: nyimbo za arusi, za kucheza, za gitaa, za kumsifu Mungu, za kulilia wafu. Mmarekani wetu alipata kwake, kati ya watu wa gitaa, akiwa jirani na Swaleh, na madereva wa malori waliompenda waliacha kumtafuta kwenye ukuta. Bosi alikuta wimbo wa Kihindi kwenye rafu ya arusi na akaupenda kuliko za kwao Embu. Nilimtania nao hadi alipostaafu.

Kwa hiyo nikujibu sasa. Usizipange nyimbo kwa ngozi ya waimbaji. Ngozi haikwambii wimbo unasema nini wala unamtafuta nani. Lakini pia usinielewe vibaya, kwa sababu najua yule mwenzako mmoja anasema kuna watu weusi waliotunga nyimbo wakanyang'anywa sifa, na ana haki. Wimbo ule una mwenyewe. Ni wa baba yake Kanana, na mtu asije akasema ni wa kila mtu. Mtaje mwenye wimbo kila mara unapoupiga, taja alikotoka na aliyemfundisha, na umshukuru. Hiyo ni heshima. Kumfungia kwenye rafu kwa sababu ya jina lake na sura yake ni jambo jingine, na mimi nimeona kile linachomgharimu mtu. Kesho waambie hao wenzako wawili wakae, wazime ile kompyuta kidogo, wasikilize nyimbo tatu pamoja bila kuona majina. Halafu waendelee kubishana, lakini wasalimiane.

Asante kwa kuniuliza, maana ni muda mrefu sijamtaja Mama Swaleh kwa sauti. Lete kiganja chako. Asali hii imetoka Timau kwa wajukuu wa Kiruja, bado huniletea kila msimu. Mungu akupe masikio yanayotangulia macho. Akupe mtu wa kukukemea mapema ukikosea, na moyo wa kumshukuru. Na siku yoyote mgeni akija kwenye kazi yako akitafuta watu wake, wewe uwe ndiye wa kumwonyesha walipo.