Gasper na Nyoka wa Kijisiwani

Mume wangu Gasper ni mvuvi wa dagaa hapa Katonga kando ya ziwa, na kudanganya hajui kabisa. Katika maisha yetu yote amejaribu mara moja tu, nusura aniache mjane.

Mwaka jana walikuja watafiti. Kwenye kijisiwa cha mawe kilicho mbele ya mwalo wetu wa mitumbwi wakakuta nyoka mwembamba wa kahawia ambaye hajapata kuandikwa popote duniani. Waliona sita tu. Kiongozi wa watafiti, Happiness, akamwomba Gasper awaangalizie nyoka hao. Shida ni kwamba kila kiangazi, siku za mbalamwezi ambapo taa hazivuti dagaa na mitumbwi inapumzika, wanaume huvuka kuchoma majani ya kijisiwa ili sisi wanawake tupate mawe safi ya kuanikia dagaa.

Angeweza kusema kweli. Akaogopa kuchekwa, mtu mzima analinda nyoka. Basi akatangaza kwamba nyoka yule ana sumu kali, akikuuma hufiki hospitali. Alidhani hofu italinda kijisiwa. Nilimwambia mtu wa hapa akiogopa kitu hakimbii, anakichoma. Hakunisikia.

Mwezi ulipokaribia kukomaa, Mwinshehe, kiongozi wa wavuvi, aliandaa mitumbwi mitano na madumu ya mafuta ya taa. Safari hii, alisema, hakibaki hata kichaka. Gasper akashindwa kula. Alimpigia Happiness simu, naye akajibu kwamba anaamini nyoka hana sumu, ila hawajathibitisha, na hawezi kufika kabla ya siku mbili. Hilo la kutothibitisha nililisikia mwenyewe.

Siku ya kuchoma, Gasper aliwatangulia kijisiwani alfajiri, akarudi na nyoka mmoja ndani ya ndoo. Mbele ya watu wote akakiri kwamba aliwadanganya: nyoka hana sumu, na kwa kuwa hapatikani kwingine duniani, anaomba kijisiwa kisichomwe. Hawakumwamini, njia ya mwongo ni fupi. Mwinshehe alimwambia asogee, wanachelewa.

Gasper akaingiza mkono kwenye ndoo.

Nyoka alimuuma kidole. Nilipiga magoti mchangani nikaushika ule mkono, huku namtukana na kumwombea kwa pumzi moja. Nilikuwa na hofu ambayo sijapata kuwa nayo hata siku ya kujifungua. Hakuna aliyeondoka. Vitone viwili vya damu vilikauka, jua likapanda, na adhuhuri ilipoadhiniwa Gasper akasema ana njaa.

Watu wakacheka, wengine wakampa pole. Wakakubali mwaka huu wasichome, madumu yakarudishwa nyumbani. Mwinshehe akachungulia ndani ya ndoo, akamtoa nyoka kwa mkono mtupu, akamgeuzageuza bila woga wowote.

"Kama hana sumu na hapatikani kwingine," akasema, "si wapo watu wa kumnunua?"

Wawili nyuma yake wakaanza kuulizana nani ana ndoo yenye mfuniko. Gasper akauchomoa mkono wake ndani ya mkono wangu, akatoa simu kumpigia Happiness.