Goti la Jirani

Jirani yangu wa Newala, bibi mkulima wa korosho, alikuwa anaumwa goti. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, niombee." Nikamjibu, "Nitakuombea, bibi." Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshasahau.

Wiki mbili baadaye akaja anatembea vizuri, kaniletea mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Asante kwa maombi, goti limepona."

Aibu ikanishika. Nikakiri kwamba sikuomba hata siku moja.

Bibi akacheka mpaka akakaa chini. "Nilijua! Ndiyo maana mimi nilikuwa nakuombea wewe, ukumbuke. Haya, mjukuu wangu ana mtihani kesho."

Nikapiga magoti palepale barazani, naye akanisimamia kama mwanafunzi mtoro. Tangu hapo, mtu akisema "niombee", naomba kabla hajaondoka.