Namba ya Kukimbia Nayo

Usiku ule Mama Dany alilala ameketi. Aliegemea ukuta chini ya dirisha, simu juu ya goti, kwa sababu wiki iliyopita mtandao uliwahi kuingia kupitia dirisha hilo kwa muda wa kunywa maji kikombe kimoja, ukaondoka. Kila aliposhtuka usingizini alibonyeza kioo kiwake. Hakuna huduma. Akaizima simu, akaiwasha upya. Hakuna huduma. Akasimama, akaishika karibu na matundu ya bati, akakaa tena.

"Mama, lala," alisema Aline, binti yake, kutoka kitandani. "Hiyo simu haiwezi kuzaa."

"Lala weye."

Dany, mwanawe wa kwanza, mwenye miaka ishirini na miwili, alikuwa Misisi kwenye machimbo ya dhahabu. Aliondoka nyumbani, Baraka, baada ya Pasaka na simu yenye ufa, na kabla mwezi haujaisha simu hiyo ikamponyoka shimoni, ikazama majini. Tangu hapo alikuwa akipiga kila Jumapili kwa simu ya mtu yeyote aliyemkubalia. Mama Dany akiona namba ngeni siku ya Jumapili alikuwa anajibu hata kabla mlio wa kwanza haujaisha. Sasa Jumapili mbili zilikuwa zimepita. Na watu wanaoshuka kutoka milimani walikuwa wanazungumza habari za risasi, kila mmoja na mahali pake.

Namba aliyoijua Dany kichwani ilikuwa moja tu, ya mama yake. Hakuijifunza kwa kupenda. Miaka ile ya kukimbia kila mara, leo Mboko, kesho porini, kesho kutwa ng'ambo ya ziwa, bamama wa Baraka waliwafundisha watoto namba ya simu kama wanavyofundishwa sala. Mama Dany aliachia shule darasa la tatu, na Kifaransa chake hakikutosha hata kununua sabuni. Lakini hapa namba za simu husomwa kwa Kifaransa, basi naye akaibeba kwa Kifaransa, akaifundisha kwa Kifaransa. Dany na Aline walisimama mbele ya sahani ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, mikono nyuma, wakaitoa yote mpaka mwisho, quarante-deux, septante-sept, ndipo walipokula. Aliyekosea alianza upya huku mwenzake anatafuna.

Namba hiyo ilikuwa ya kampuni ya Tangatel, na Tangatel ilikuwa inakufa. Mnara wake ulikuwa kilimani, ukitegemea jenereta, na kwa wiki mbili jenereta ilikuwa imenyamaza, ila ile dakika moja ya wiki iliyopita. Upande wa pili wa mji mnara wa Lumo, mpya, wenye sahani za jua, ulikuwa unafanya kazi usiku na mchana. Mji mzima ulikuwa umehamia huko, wengi wakiiacha laini ya zamani ndani ya simu zao za laini mbili. Waimbaji wa kwaya walihama, mwalimu wa Aline alihama, hata mzee wa kanisa aliyeapa kwamba hatabadilisha.

Asubuhi, ufukweni, Mama Dany alikuwa anageuza ndakala, dagaa wa ziwa, kwenye nyavu za kuanikia, simu imening'inia shingoni kwa kamba. Jirani yake wa nyavu, Merveille, alimwangalia kwa muda mrefu, kisha akacheka.

"Mama Dany, unavaaka maiti shingoni?"

"Acha nayo."

"Yule mama wa Uvira mwenye kununua ndakala alikutafuta tangu juzi. Akanipigia mi. Akasema, mwambie Mama Dany, nitachukua za mwingine." Akapangusa mikono kwenye kitenge chake. "Nikamwambia chukua zangu."

"Asante sana, mwenzangu."

"Usinune. Nunua laini ya Lumo. Batu bote bako huko. Mtoto wako akirudi atakukuta hapa hapa, unanuka samaki kama siku zote."

Mama Dany aligeuza samaki waliokuwa wamekwisha kugeuzwa.

Saa tatu akaenda kwa Nibigira. Nibigira alikuwa Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda, aliyepata kibanda kidogo karibu na soko, akaweka sahani mbili za jua juu ya paa, akawa anachaji simu za watu na kuuza laini. Simu zililala mezani kwake zikiwa zimepangwa, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini Mama Dany alimwamini, kwa sababu hakuwahi kumwona akiicheka simu ya mtu.

"Nibigira, mwanangu. Ninaweza kwenda Lumo na namba yangu?"

"Hapana, mama. Namba haihami. Lumo watakupa nyingine."

"Niweke zote mbili?"

Nibigira aliichukua simu ya Mama Dany, akafungua mgongo, akapuliza. "Hii iko na chumba kimoja tu. Ukiingiza moja, nyingine inatoka."

"Na ile itakayotoka?"

"Itakaa. Ikimaliza miezi mitatu bila kufanya kazi, wanaikata, wanampa mtu mwingine." Akaanza kuzungusha waya kidoleni. "Namba ya mama yangu, ya Bujumbura, walimpa mama fulani wa Gitega. Mi huwa napiga. Anajua ni mimi. Ananiuliza, umekula? Namwambia nimekula. Tunakata."

Mama Dany alishika ukingo wa meza. "Kumbe unaniambia nisibadilishe."

"Sijasema hivyo, mama. Misisi kuna Lumo. Mi niko na namba ya Bienfait, mtu wa hapa Baraka anayeuza mafuta kule machimboni. Ukiwa na Lumo unaweza kumpigia sasa hivi, umuulize, naye Dany akipatikana akupigie."

Hapo ndipo palipomkwaza. Akiwa na laini ya zamani, Dany angeweza kumpata yeye. Akiwa na mpya, yeye angeweza kumtafuta Dany. Alitoka nje ya kibanda, akaangalia barabara, akarudi. Akatoka tena. Mwanamke aliyekuja kuchukua simu yake alimpita mara mbili. Kukaa tu na kungoja alikuwa amekwisha kujaribu, usiku baada ya usiku, na mgongo ulikuwa unamuuma kwa ule ukuta. Akatoa kadi yake ya mpiga kura kwenye kifua cha blauzi.

"Andika," alisema.

Nibigira akaandika, akampiga picha, akaingiza laini mpya. Ile ya zamani alimpa mkononi, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mama Dany aliifunga kwenye pindo la kitenge, akakaza fundo kwa meno.

Bienfait alishika simu mara moja. Nyuma yake pikipiki zilikuwa zinalia.

"Dany? Nilimuona Ijumaa. Ni muzima, mama, isipokuwa amekonda. Nitamtafuta, nitamwambia akupigie kwa namba hii."

Muzima! Mama Dany alirudi ufukweni karibu anakimbia. Alimpigia yule mteja wa Uvira, akamwekea magunia mawili. Merveille akamwambia, "Unaona sasa?" naye akakubali kwamba anaona. Alikula hata muhogo wa kuchemsha, kitu ambacho hakuwa amekifanya mchana tangu wiki iliyopita.

Kengele ya saa sita ilikuwa imelia kitambo aliposikia mlio mdogo kutoka kwenye kikapu cha mwanamke mmoja. Kisha mwingine, kule kwenye mitumbwi. Kisha ufukwe mzima ukaanza kulia, ti, ti, ti, ti, jumbe za wiki mbili zikianguka kwa pamoja.

"Tangatel imefufuka!" mtu alipiga kelele.

Simu ya Mama Dany ilikuwa kimya shingoni.

Fundo la kitenge lilikataa kufunguka. Alilivuta kwa kucha, kwa meno, Merveille akaja na kisu cha kuparulia samaki, wakakata kitambaa. Akautoa mgongo wa simu kwa mwiba wa samaki, laini ikaanguka mchangani, wakaitafuta wote wawili kwa magoti, karibu nusu saa. Akaipuliza. Akaingiza.

Jumbe zilifika moja moja. Namba hii ilikupigia. Namba hii ilikupigia. Baada ya zile za Jumapili na za mteja wa Uvira, mara tisa, namba moja ngeni, zote za siku hiyo hiyo. Merveille, aliyesoma zaidi, alimsomea saa. Saba zilikuwa za asubuhi, wakati mnara umelala. Mbili za mwisho zilikuwa za baada ya ufukwe kuanza kulia.

"Hapo mnara ulikuwa umeamka," Merveille alisema polepole. "Hizi mbili zingelia."

Mama Dany aliipiga ile namba. Mwanamume akajibu, mtu wa pikipiki, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka.

"Ni weye mama wa Dany? Kumbe uko hai! Kijana aliomba simu yangu tangu asubuhi. Batu walisema Baraka imekimbia, yote, hakuna mtu. Akapiga, akapiga. Mwishoni akasema, mama yangu hafungaka simu, akifunga ni kwamba wamekimbia."

"Yuko wapi? Mpe simu."

"Amepanda kamyo ya mizigo. Dakika ishirini hivi. Ya Kalemie."

Mama Dany alikaa chini kwenye mchanga. Kalemie lilikuwa jibu lake mwenyewe. Yeye ndiye aliyewaambia watoto, zamani, kwamba simu ya mama ikifa na vita iko, wasirudi nyumbani kumtafuta. Waende Kalemie, kwa Félicité, dada yake mkubwa, nyumba iliyo nyuma ya reli, wangoje huko. Dany alikuwa anatii. Alikuwa ameiacha kazi, na badala ya kupanda kuja Fizi na kushuka Baraka, safari ya siku moja, alikuwa anakwenda kusini, kwenye barabara ambayo madereva wenyewe huomba Mungu kabla ya kuwasha gari, kwa ajili ya mama ambaye hakuwa amekimbia popote.

Siku mbili zilizofuata hakuwa na mahali pa kuweka mwili wake. Félicité alikuwa na Lumo, na kati ya Tangatel na Lumo dakika moja ilikula salio lote. Kwa hiyo alichomeka Lumo, akampigia, akamweleza. Kisha akawaza, je, kamyo ikiharibika njiani, Dany akaomba simu kwa mtu? Atapiga namba anayoijua. Akachomoa Lumo, akachomeka Tangatel. Akakaa nayo robo saa, akawaza, je, kama amefika na Félicité ananitafuta? Akachomoa tena. Ule mwiba wa samaki ulivunjika, akatumia pini ya nywele ya Aline.

"Mama, utavunja simu, halafu utabaki bila yote mawili," Aline alisema.

"Nishikie saa. Kila robo saa niambie."

"Mama."

"Nishikie, nimesema!"

Merveille alimletea simu yake mwenyewe, akamwekea mapajani bila utani wowote. Lakini yenyewe ilikuwa na laini zake mbili ndani, na mumewe yuko ziwani, na Mama Dany aliirudisha kabla ya jua kuzama kwa sababu aliona jinsi mwenzake anavyoitazama.

Félicité naye alikuwa amechoka. Mara ya sita alishika simu akiguna. "Solange," alimwita kwa jina la ubatizo, kama alivyomwita utotoni, "hajafika. Akifika nitakupigia. Unanimaliza."

"Kamyo zimefika?"

"Moja ilifika jana. Hakuwemo."

"Uliuliza njiani kuna nini?"

"Niliuliza. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukuambia."

"Niambie."

"Wameweka kizuizi njiani, huko Bendera. Kamyo zinalala. Basi. Sijui kingine."

Jioni ya siku ya tatu mvua ilinyesha Baraka, na juu ya bati hakuna kilichosikika. Mama Dany alijifunika simu na kichwa kwa blanketi, kitenge kilichokatwa kikiwa mabegani, akapiga tena. Lumo ndiyo iliyokuwa ndani. Laini ya Tangatel aliishika kwenye kiganja, ngumi imefungwa.

"Yaya," alimwita dada yake, "ni mimi."

"Najua ni weye. Nani mwingine?" Félicité alikuwa anatafuna. "Tumekula sasa hivi. Nimemwekea sahani, kama ulivyosema. Imepoa, nimeifunika. Nitaendelea kufunika sahani mpaka..."

"Mpaka nini?"

"Ngoja. Kuna mtu anagonga."

Mama Dany alisimama na blanketi lake. "Fungua!"

"Usiku huu? Nyuma ya reli? We ulishasahau Kalemie." Kisha, mbali na simu, kwa sauti kubwa: "Nani?"

Sauti ikajibu kitu. Mvua ya Baraka ikakimeza.

"Amesema nini? Yaya, amesema nini?"

"Amesema 'mi'. Kila mwizi ni 'mi'."

"Fungua, nakuomba, fungua, mi naomba!"

"Usinipigie kelele sikioni. Nani, nimesema? Mwana wa nani?"

Jibu nalo likamezwa na mvua. Mama Dany alisikia ndala za dada yake zikiburuta sakafuni, zikasimama. Akasikia kufuli. Akasikia komeo la chuma, zito, likivutwa kwa mikono miwili, maana simu ilikuwa imebanwa kati ya shavu na bega na pumzi ya Félicité ilijaa sikioni. Mlango ukakwaruza chini, ukafunguka.

Sauti iliyoingia ilikuwa imekauka kwa vumbi, na haikusalimu kwanza.

"Mama mukubwa, mama yangu iko hapa?"

"Iko hapa," alisema Félicité. "Shika."