Kiitaliano cha Mama Gertrude wa Shituru

Mimi ni dereva mstaafu wa malori, si mwalimu, na hivyo ndivyo nilivyomwambia Mama Gertrude siku aliponiletea kitabu. Hakusikia. Yule jirani yangu hapa Shituru akishaamua jambo, masikio yake huenda likizo.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha sarufi ya Kiitaliano, kilichoandikwa kwa ajili ya watu wanaojua Kiingereza. Yeye Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Alikiokoa sokoni mikononi mwa muuza karanga, aliyekuwa anachana kurasa na kufungia wateja. Nusu ya pili ilikuwa imeshakwenda, pamoja na wakati ujao wote.

"Papa Ruffin, weye unajua Kingereza. Ulikuwa unaendesha camion mpaka Ndola."

"Mama Cathy," nilimjibu kwa jina la bintiye, "Kingereza yangu ni ya frein na ya mafuta." Yaani ya breki.

"Njo hiyo hiyo. Tutaanza kesho."

Nilikubali kwa sababu shida yake iliniuma. Binti yake, Cathy, ameolewa huko Torino na Mwitaliano aitwaye Davide. Wana mtoto mmoja, Elikia, wa miaka minne, naye hajui lugha ila ya baba yake. Kila Jumapili Cathy anapopiga simu ya video, bibi anafungua mdomo kwa Kiswahili na mtoto anakimbia. Mama Gertrude ana mjukuu huyo mmoja tu, na hajawahi kumsikia akimwita. "Anaogopa sauti yangu," aliniambia, na yeye ni mwimbaji wa kwaya! Cathy alinikasirisha na mpaka leo sijapoa. Mtu anashindwaje kumfundisha mwanawe hata salamu moja?

Basi tukaanza. Mimi nilisoma Kiingereza, nikakisia, nikageuza kwa Kiswahili. Yeye akarudia huku akitwanga sombe, majani ya mhogo. Ugomvi ulianza somo la pili, tulipogundua kwamba Waitaliano wanavipa vitu jinsia.

"Kijiko ni mwanaume?" aliuliza.

"Mu kitabu iko mwanaume."

"Na uma?"

"Mwanamuke."

Akasimamisha mchi, akafikiria droo yake ya vyombo. "Na bote babili banalala mu tiroir moya? Bila ndoa?"

Siku hiyo hatukuendelea. Lakini kesho yake alirudi, na kesho kutwa, na baada ya miezi miwili tulikuwa tumefika mwisho wa kurasa zilizonusurika na karanga.

Jumapili ya mtihani alivaa kitenge kipya, akaketi wima mbele ya simu. Ikalia. Cathy ni muuguzi na siku hiyo alikuwa kazini, kwa hiyo aliyepiga ni Davide mwenyewe. Uso wake ukajaa kwenye kioo, na ndevu zake zote.

Mama Gertrude ni wa Kasai. Kwao, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Ni heshima, na haina mchezo. Alipiga yowe, akanitupia simu, akajificha nyuma ya mlango na kitenge kichwani.

"Mama Cathy, toka! Njo siku yenyewe!"

"Bukwe yangu iko mu simu! Siwezi kumuona mu macho!"

Davide, ambaye hakujua hili wala lile, alinisalimu kwa adabu. Elikia akajipenyeza, akakutana na masharubu yangu. Midomo ikaanza kumtetemeka.

"Dov'è la nonna?" aliuliza. Bibi yuko wapi?

Nilielewa. Lakini nilipotafuta jibu, kichwani nilikuta breki tu. Mtoto akageuka kuondoka. Hapo sauti ya kwaya ikatoka nyuma ya mlango:

"La nonna è dietro la porta!"

Elikia akasimama. Bibi yuko nyuma ya mlango! Akacheka mpaka akakaa chini, maana aliamini ni mchezo wa kujificha, kisha akatimka kujificha na yeye. Bibi akaanza kumtafuta kwa masomo yote tuliyosoma. Chini ya meza? "No!" Juu ya kabati? "No!" Ndani ya chai? Kelele za furaha. Davide maskini alikimbia na simu nyumba nzima, anahema, huku mama mkwe wake akimwendesha bila kumwona. Mchezo ulichukua karibu saa nzima.

Mwishowe mtoto alikuja mpaka kwenye kioo, akapiga kelele, "Ciao, nonna!" Simu ikakatika.

Mama Gertrude alitoka polepole. Uso ulikuwa umelowa.

"Papa Ruffin. Ameniita?"

"Amekuita, mama."

"Sema vile amesema."

Nikasema.

"Hapana, ile ni sauti ya camion. Sema kama mutoto."

Nina miaka sitini na saba. Nikabana pua, nikainua sauti, nikasema tena. Akafumba macho, akaniambia nisiache.