Siku Niliyoiamkia Mvua

Utotoni nilidhani jina langu ni jina tu. Likizo ya Desemba 2013, nikiwa na miaka tisa, mama alinitoa Morogoro akanipeleka kwao Kibondo kwa mara ya kwanza, kwenye harusi ya mdogo wake, mama mdogo Neema. Bibi alinishika kichwa, akacheka. "Chiza wangu amefika."

Kwa Waha, Chiza ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Mimi niliwafuata kaka zangu, Bukuru na Butoyi. Jioni ile, tukichambua maharage uani, bibi alinisimulia habari za shangazi yake, naye Chiza, aliyeweza kusema na mvua.

"Alikuwa anafudikiza chungu, anaiambia ipite pembeni. Inapita. Na wewe ni damu yake."

Siku ya harusi wingu jeusi lilisimama juu yetu. Turubai lilikuwa moja, wali ulikuwa jikoni nje, na watu wa bwana harusi walikuwa bado njiani kutoka Kakonko. Mama mdogo alichungulia dirishani, machozi yakimlengalenga. Bibi akaniletea chungu.

"Bibi, sijui niseme nini."

"Iombe kwa adabu, mwana wanje, mwanangu wewe, kama unavyoniomba mimi chai."

Uwanja mzima ulinitazama. Nilikifudikiza chungu. "Shikamoo, mvua. Tunaomba upite kule." Nikanyoosha kidole kokote tu.

Upepo ukageuka, wingu likasogea. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikaogopa zaidi kuliko mwanzo.

Baadaye wageni wakafika wamelowa chapachapa, bwana harusi kashika viatu mkononi, suruali imejaa tope.

"Mvua imetukamata njiani kama imetumwa," alisema baba yake.

Bibi akaziba mdomo kwa kanga. Mtu mmoja akamnong'oneza yule mzee, naye akanifuata nilikojificha.

"Kumbe ni wewe. Ukija kwetu, ielekeze kwenye mihogo yangu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, hata bwana harusi.

Leo najua mawingu ya nyanda zile huhama hivyo hivyo, yakiombwa au yasiombwe. Sibishani na mtu kuhusu hilo. Ninachokumbuka ni kwamba nilifika Kibondo mtoto wa mbali, nisiyejua Kiha, nikimshikilia mama gauni. Niliondoka nikijua kuna watu walionihesabu kuwa wao kabla hawajaniona, wakaniwekea nafasi katika masimulizi yao.