Chumba Nilichokifunga

Mke wangu alifariki asubuhi, hospitalini, nilipokuwa nimetoka nje kumtafutia uji. Baada ya mazishi nilirudi nyumbani kwetu Kanyangi, nikafunga chumba chetu cha kulala kwa ufunguo, nikaanza kulala sebuleni kwenye kochi. Nilidhani ni kwa wiki moja hivi. Ikapita miaka.

Nguo zangu zote zilibaki mle ndani. Badala ya kuingia nilinunua mitumba sokoni, na ingawa mimi ni fundi wa cherehani, nilivaa suruali zisizonikaa na nisijali. Mvua iliponyesha, paa likaanza kuvuja upande ule. Nilisikia maji yakidondoka juu ya kitanda, nikakaa pale pale nikisikiliza. Kuingia sikuweza, kuondoka sikuweza. Dada yangu aliniita nikakae kwake Nunguni kwa muda. Nikamwambia siwezi kuiacha nyumba peke yake.

Kanisani walinivumilia mwanzoni. Kisha mzee mmoja wa kanisa akaniambia kwa upole kwamba kulia kuna mwisho, na anayekataa kufarijiwa anashindana na Mungu. Tangu siku hiyo nikawa natabasamu kwenye ibada, nikirudi nyumbani nimechoka kama mtu aliyelima kutwa.

Kifua kilipoanza kunibana, dada yangu alikuja akanipeleka hospitali Kitui. Daktari alinipima moyo, akasema ni mzima, akanituma kwa mshauri, mama wa makamo asiye na haraka. Aliniuliza kama namtamani mke wangu kila siku, kama kuna vitu ninavyovikwepa, kama naona maisha hayana maana, kama nimewahi kufikiria kujiua. Hilo la mwisho nilikataa. Mengine yote nilikubali, nikingoja aseme nina wazimu.

Hakusema hivyo. Alinieleza kwamba wafiwa wengi huumia sana, lakini polepole maisha huwarudia. Wachache uchungu huwakwamia, ukabaki vile vile ulivyokuwa mwanzo, na huo si upungufu wa imani, una matibabu. Kisha akauliza, “Baba, ukifungua hicho chumba, unaogopa kitatokea nini?”

“Atakuwa amekufa,” nikasema.

Dada yangu, aliyekuwa ameketi kando yangu, akafunika uso kwa leso. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kulijua jibu hilo mpaka lilipotoka mdomoni.

Nilirudi kwa mshauri mara nyingi. Alinitaka nisimulie ile asubuhi ya uji, tena na tena, jambo nililolichukia kiasi kwamba mara nyingine nilitaka kuinuka niende zangu. Lakini nilisimulia. Hatimaye siku moja mchana, dada yangu akiwa nyuma yangu, nikafungua mlango. Godoro lilikuwa limeoza. Kitenge chake kilining’inia kwenye msumari, mchwa wamekila pindo. Dada yangu alishika ufagio, nikamwomba angoje. Niliketi sakafuni nikalia kilio ambacho sikukilia kaburini.

Godoro tulilichoma nyuma ya nyumba. Kitenge nimekikunja, nimekiweka. Kulala mle bado sijaweza. Nilimwambia mshauri hivyo, nikitarajia atasikitika, naye akasema tutaendelea kuanzia hapo.